Ngozi Iliyobaki

Leo nataka kunena juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa mahali pengi, ingawa nadhani katika kila kijiji yuko mtu anayelichukua kimya kimya chini ya nguo zake. Ni habari ya mtu aliyekuwa mnene sana, kisha akapungua kwa shauri jema na kwa taabu nyingi, akapata uzima wake. Lakini ngozi yake haikupungua pamoja naye. Swali langu ni hili: je, haya aionayo mtu huyu kwa ajili ya ngozi yake ni upuzi ambao yampasa kuuacha, au ni deni ambalo watu wengine wamemtwika, nao ndio yawapasao kulilipa?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nalilipata huku kwetu Kilambo, penye kivuko cha mto Ruvuma, ambapo watu wa Mtwara huvuka kwenda Msumbiji na watu wa Msumbiji huvuka kuja kwetu. Ninaye rafiki hapa, mzee wa kanisa, mwenye mashamba ya mikorosho na biashara ndogo ya kuvusha samaki wakavu. Jina lake silitaji. Nalimwomba ruhusa niandike habari zake, akanipa, akasema, "Andika, Mwalimu, maana kwa midomo wamekwisha kuniandika."

Miaka minne iliyopita rafiki yangu alikuwa mtu wa kilo 121. Katika nchi yetu jambo hilo halikuwa aibu, bali lilikuwa sifa. Arusini aliwekewa kiti cha mbele. Wageni walipomwona walijua kwamba katika nyumba ile muhogo haukosekani, na kwamba mke wake ana amani. Mtu akirudi safarini mwili wake umeongezeka, twamwambia, "Umenawiri," naye hufurahi. Hata mimi, ambaye ni mwembamba tangu utoto, nalimtazama mara nyingi kwa wivu kidogo.

Kisha alianza kushikwa na kiu isiyokwisha, na kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Jeraha dogo la mguuni, alilolipata kwa kukanyaga kisiki shambani, lilikaa miezi mitatu bila kufunga. Alipokwenda hospitali Mtwara mjini aliambiwa kwamba ana kisukari. Daktari akampa dawa, akamwambia pia kwamba dawa peke yake haitoshi, na kwamba asipopunguza mwili huenda siku moja wakaukata mguu ule.

Basi alipunguza. Wasomaji, neno hili "alipunguza" laandikwa kwa herufi chache, bali kazi yake si chache. Aliacha chai yenye vijiko vinne vya sukari. Aliacha soda. Ugali wa muhogo aliupima kwa ngumi yake mwenyewe, akala mboga za majani na kunde na samaki wa kuchoma, akawaachia watoto wali wa nazi. Pikipiki yake aliiuza, akawa anakwenda shambani kwa miguu kila alfajiri, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Baada ya miaka miwili alikuwa na kilo 76. Zilizoondoka ni kilo 45, yaani zaidi ya nusu ya gunia la korosho, nazo alizichukua kila siku mgongoni na tumboni kwa miaka ishirini. Jeraha likafunga. Sukari ya damu ikashuka, na daktari akampunguzia dawa. Jambo hili si la ajabu kwa waganga: mwaka 2017 wenzao wa Uingereza walieleza habari za wagonjwa wa kisukari waliosaidiwa kupunguza mwili kwa chakula kidogo, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao walikuwa na damu nzuri pasipo dawa ya kisukari.

Lakini ngozi ilibaki. Nitaeleza kwa maneno ya wazi, maana tukisema kwa mafumbo hatutamwelewa. Ngozi ya tumbo ilimning'inia mbele kama aproni ya fundi. Ngozi ya mikono, kati ya bega na kiwiko, ilitikisika alipoinua mkono kuimba. Kifua chake kilishuka. Na kwa kuwa huku kwetu ni joto, na hewa ya pwani ina maji, jasho lilituama katika mikunjo ile, likaleta vipele na harufu na mwasho. Akajifunga kipande cha kanga ya mkewe kiunoni chini ya shati, ili ngozi isicheze anapotembea. Hata mkewe alikuwa akimfunga gizani.

Ngozi ya mtu si kama shuka, ambayo ukiitoa kitandani waikunja. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili. Ya mtu mzima ikitandazwa yakaribia kujaza meta mbili za mraba. Katika tabaka yake ya ndani mna nyuzi nyingi ndogo, nyingine za kuipa nguvu na nyingine za kuirudisha inapovutwa. Mtu akinenepa, nyuzi hizo huvutwa. Akikaa mnene miaka mingi, nyingine hukatika, wala hazirudi kama zamani. Kijana aliyepungua kidogo ngozi yake hurudi upesi. Mtu wa miaka hamsini na sita, aliyepungua kilo 45, ngozi yake hurudi kidogo katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha husimama pale. Mafuta na krimu zinazouzwa kwa maneno matamu haziziungi nyuzi zilizokatika. Kazi ya mikono na kuinua mizigo yaweza kujaza kidogo mahali pa nyama, nayo yafaa kwa sababu nyingine pia, lakini haiwezi kuujaza mfuko wote. Nalimweleza rafiki yangu habari hizi baada ya kuzisoma, akakaa kimya, kisha akasema jambo moja tu: "Basi si mimi niliyekosea kupungua." Kumbe muda wote alidhani kwamba alipungua vibaya, kwamba yako maarifa ambayo wenzake wanayo na yeye hana.

Sasa nitanena habari ya watu. Neno la kwanza lililovuma lilikuwa la ugonjwa. Wazee wenzangu mwakumbuka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa katika nchi yetu, huko Kagera. Ng'ambo ya mpaka Waganda waliuita "silimu", kwa sababu ya kukondesha kwake, na waganga wakaandika habari zake kwa jina hilo mwaka 1985. Ikapita miaka mingi ambayo, tukimwona mtu amekonda, hatukungoja kuambiwa. Tulimzika kwa midomo kabla ya kumzika kwa majembe. Baadaye dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu, na leo azitumiaye kwa uaminifu hunawiri, hulima, hulea watoto wake hata wakaoa. Wembamba wa mtu hauwezi tena kukuambia habari za damu yake, wala unene hauwezi. Lakini macho yetu yangali yakisoma kitabu cha zamani. (Na hata kama mtu anao ugonjwa ule, ni nani aliyetupa ruhusa ya kuutangaza gengeni? Ila hilo lataka karatasi yake.)

Katika kuvumisha, watu waliutumia mithali: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mimi hupenda mithali, nami hufundisha watoto mithali, lakini hii yaniudhi siku hizi. Yampa msemaji haki pande zote mbili. Likiwapo, alisema kweli, lisipokuwapo, alitabiri. Hakuna mlango wa kutokea kwa yule anayesemwa. Rafiki yangu alikwenda kupimwa, akaja na karatasi ya hospitali kuwaonyesha wawili watatu kwamba hana ugonjwa ule. Nalihuzunika kumwona mtu mzima, babu wa wajukuu sita, akizunguka na damu yake mkononi ili asalimiwe.

Neno la pili lilikuwa la mzaha. Siku moja mnadani, wakati wa korosho, mchukuzi mmoja alimtazama akisema, "Huyu amekuwa gunia lililomwagwa korosho." Watu wakacheka. Nami nalikuwapo, nikacheka. Tena sikucheka tu. Niliongeza, nikasema, "Tena gunia la daraja la kwanza." Nalidhani namwinua kwa utani, kama tufanyavyo sisi wa rika moja. Yeye naye alicheka. Tangu siku ile hakuja mnadani tena, humtuma mwanawe.

Wiki chache baadaye hakuimba. Alikuwa mtu wa sauti ya nne katika kwaya, na kuimba kwetu ni kwa mikono pia. Akasema anaumwa koo. Kisha hakuja kanisani Jumapili mbili. Nalipomwendea nyumbani nalimkuta amekaa ukumbini na sahani ya wali wa nazi mbele yake, sahani kubwa, na chupa ya soda. Akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Mwalimu, nimekata shauri. Narudi. Nilipokuwa na ugonjwa ndani watu waliniheshimu. Sasa ugonjwa umetoka, wanakimbia. Afadhali nife nimejaa."

Hapo ndipo nalipojua kwamba habari hii si ya urembo. Mtu alikuwa tayari kuuza mguu wake, na labda maisha yake, anunue tena macho ya jirani.

Mara ile nalimjibu kama walimu tunavyojibu. Nalimkumbusha habari ya nabii Samweli katika nyumba ya Yese, jinsi alivyotaka kumpaka mafuta mwana mkubwa kwa sababu ya kimo chake, akakatazwa. Nikasema kwamba kusumbuka kwa sura ya mwili ni majivuno, na kwamba apasa kumshukuru Mungu kwa uzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kushukuru nashukuru kila asubuhi. Je, mwenye kushukuru haruhusiwi kuwashwa?"

Nalirudi nyumbani nimeshindwa, nami nikafikiri siku nyingi. Naona sasa kwamba nalichanganya mambo mawili. Majivuno ni kutaka kuonwa kuliko wengine. Rafiki yangu hakutaka kuonwa; alitaka kutoonwa, apite njiani kama wapitavyo watu wote, asiwe habari. Ni mbali sana na majivuno, nami ni vibaya kumtwika dhambi mtu ambaye tayari ana mzigo. Tena iko huzuni ambayo si haya. Mtu aliyefanya kazi miaka miwili alitazamia kwamba mwisho wa kazi atapata mwili ambao aliufikiri moyoni, akapata mwingine. Kumlilia yule ambaye hakuja si upuzi. Sisi huwalilia watoto ambao hawakuzaliwa wazima, wala hakuna anayetuita wenye majivuno.

Katika kufikiri kwangu nalimkumbuka bibi yangu, mzaa mama, mtu wa uwanda wa Newala. Vijana wengi wasomao habari hii hawajaona ndonya kwa macho yao. Ilikuwa kipande cha mti, mara nyingi mpingo, kilichovaliwa na wanawake wa Kimakonde katika mdomo wa juu. Msichana alitobolewa kitundu kidogo, akatiwa kijiti chembamba, kisha kikubwa kidogo, kisha kikubwa zaidi, hata mdomo ukatanuka kuchukua kibao cha mviringo. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alipiga picha za wanawake hao na kuandika habari zao. Machoni pa wazungu wengi lilikuwa jambo la kutisha. Machoni pa babu yangu, kama mama alivyotusimulia, ndilo lililomfanya aende kuposa.

Ikaja shule, ikaja dini, ikaja miji, na ndonya ikaachwa. Bibi naye aliitoa, kwa sababu watoto wake waliosoma walimwomba aitoe. Lakini mdomo uliotanuka haukurudi. Ulimning'inia juu ya meno kama mfuko mtupu, ukatikisika aliposema, na uji ukamtoka pembeni. Nalipokuwa mtoto nalimwona, kila mgeni alipobisha hodi, akivuta pembe ya kanga yake na kufunika kinywa. Jioni, walipokuja vikongwe wenzake wawili, kuchambua mbaazi na kupiga soga, kanga ilikaa begani. Walikaa watatu pale na midomo yao mitatu, wakicheka mpaka machozi. Mdomo ulikuwa ule ule wa mchana. Yaliyobadilika ni macho yaliyokuwa mbele yake.

Nalimpelekea rafiki yangu mfano huu, nikiona nimepata dawa. Akaupokea, lakini akaugeuza, akanirudishia ukiwa bora kuliko nilivyouleta. Alisema, "Mwalimu, wewe wadhani ndonya ni ngozi hii. Siyo. Ndonya yangu ilikuwa unene. Ninyi mlinisifu, mkaniweka mbele, nami nikaongeza kibao kwa kibao, miaka ishirini. Sasa nimekitoa kwa sababu kilikuwa kikiniua, nanyi mwacheka mdomo."

Sikuwa na neno la kujibu, wala mpaka leo sina. Ni kweli. Sisi ndio tuliomtia kibao cha kwanza tuliposema, "Umenawiri." Sahani ya pili arusini ilitoka mikononi mwetu. Sisemi kwamba hakuwa na hiari yake, maana kinywa kilikuwa chake. Lakini hakuna mtu ajinenepeshaye peke yake katika kijiji, kama vile hakuna msichana aliyejitoboa mdomo peke yake.

Tena naona kwamba wazee wetu walilijua jambo hili kwa upande mmoja. Ninyi watu wa pwani mwaijua mkaja, ile nguo ambayo mwanamke aliyezaa hufungwa tumboni. Tumbo lililotanuka kwa mtoto nalo haliwi kama lilivyokuwa, na wako akina mama wengi sana, hata katika kanisa letu, wanaojua kwa miili yao kila neno ninaloandika juu ya rafiki yangu, ila wao hakuna mwalimu aliyewaandikia. Lakini tazama desturi: binti aposwapo, katika mahari na vitu viletwavyo, kipo kipawa cha mama kiitwacho mkaja, kwa jina la nguo ile. Baada ya miaka ishirini kijana mgeni anakuja na fedha mkononi kukiri kwamba tumbo fulani lilitanuka ili yeye apate mke. Hakiwi kipawa kikubwa siku zote. Lakini ni ukiri. Rafiki yangu anajifunga kanga ile ile, mahali pale pale pa mwili, kwa sababu ya ngozi iliyotanuka vile vile, na hakuna aletaye kitu.

Wako watakaosema: kama ngozi yamsumbua, si aende akakatwe? Kweli wako waganga wapasuaji wajuao kuiondoa ngozi iliyozidi na kuishona. Wako na Wakristo wasemao kwamba kufanya hivyo ni dhambi, ni kumsahihisha Muumba. Mimi sioni hivyo. Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka twampeleka akashonwe, tena twamshukuru Mungu kwa mkono wa daktari. Ngozi iletayo vidonda na harufu na mwasho si pambo lililokosekana, ni maumivu, na maumivu yana haki ya kutafutiwa dawa. Ila kazi ile ni kubwa. Huacha kovu refu kutoka nyonga hata nyonga, kidonda chake huchukua majuma mengi, nayo hatari yake huzidi kwa mwenye kisukari, ambaye vidonda vyake hupona polepole. Gharama yake nayo si ya mkulima ambaye bei ya korosho humpanda na kumshuka kama maji ya mto huu. Kwa hiyo kwa watu wengi wa huku neno "akakatwe" ni njia nyingine ya kumwambia mtu anyamaze. Yaliyo karibu ni madogo zaidi: kuosha mikunjo kwa maji na sabuni, kuikausha vizuri kabisa, kuvaa pamba, na vipele vikizidi kwenda zahanati bila kuona haya, kwa maana muuguzi ameona mengi.

Na kujificha je? Nimeulizwa na kijana mmoja wa shule kama mtu afichaye mwili wake kwa nguo ni mwongo, kwa kuwa aonekana alivyo sivyo. Nalimjibu kwamba sote twavaa nguo. Mwongo ni yule asemaye la uongo kwa mtu mwenye haki ya kujua kweli. Na wapita njia hawana haki yoyote juu ya tumbo la mtu. Mkewe anayo haki. Naye, kama nilivyoambiwa, alikuwa amekwisha kuona zamani, na alikuwa akingoja tu taa iwashwe.

Nimesoma pia habari iliyonishangaza. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, mji ambao mahali pake leo pako Algeria, aliandika katika uzee wake kitabu kikubwa kiitwacho Mji wa Mungu, akakimaliza karibu na mwaka 426. Katika sehemu ya mwisho, ya 22, ananena habari za ufufuo. Na katikati ya maswali yaliyo marefu kama milima, asimama kuwajibu watu wanene sana na watu waliokonda sana, akiwaambia wasiogope kwamba huko watakuwa na umbo ambalo hata hapa wasingelipenda kuwa nalo. Naliposoma mara ya kwanza nalicheka. Mara ya pili sikucheka. Mtu mwenye elimu kama ile hakuona kwamba ni kujishusha kulijibu swali hili. Basi kumbe liliulizwa, na waulizaji walikuwa na hofu ya kweli. Karibu na hapo asema pia juu ya makovu ya wafia dini. Adhani kwamba yatabaki katika miili yao, si kuwa ila, bali kuwa heshima.

Nikajiuliza: ngozi ya rafiki yangu ni ya kundi gani? Ni masalio ya unene, ambayo yataondolewa? Au ni kovu la vita, maana miaka miwili ya njaa ya hiari katika nyumba yenye wali wa nazi si vita vidogo? Mimi nalielekea upande wa kovu. Naliona ni jibu zuri, nikamwendea mbio. Akanisikiliza kwa adabu, akasema kwamba, kama atapewa kuchagua, yeye aomba iondolewe. Nami nakiri kwamba kitanda nisichokilalia sijui kunguni wake.

Katika hayo yote lililomsaidia ni dogo, wala sikulitunga mimi. Mkewe aliondoa sahani ile ya wali, akakaa chini karibu naye, akasema kwamba yeye ameolewa na mtu na hakuolewa na kilo. Kisha akaenda kwa mwalimu wa kwaya, bila kumwambia mumewe, akamwomba waimbaji wasimpe pole wala wasimsifu atakaporudi, wasiseme "umekonda" wala "umependeza", wampe tu kitabu chake cha nyimbo na mahali pake pa zamani. Wakafanya hivyo. Nasikia walikaa kimya kwa shida, hasa akina mama wa sauti ya kwanza.

Nami nalikwenda peke yangu kumwomba radhi kwa habari ya gunia la daraja la kwanza. Alijifanya hakumbuki. Kisha akasema, "Lilikuwa la daraja la pili, Mwalimu, ulinipunja." Tukacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine, maana safari hii yeye ndiye aliyeanza.

Tangu wakati ule najaribu kujizuia katika salamu. Si rahisi. Ulimi wa mtu wa pwani umezoea kuupima mwili wa mwenzake kabla ya kuuliza habari za nyumbani, nasi twaona ni upendo, na mara nyingi ni upendo kweli. Mara tatu nimeshika neno "umekonda" katikati ya meno yangu. Mara moja lilinitoka, kwa binti aliyerudi kutoka Dar es Salaam, nikaona uso wake unavyofunga kama duka.

Jumamosi iliyopita tulivuka pamoja, yeye na samaki wake, mimi nikienda kumtazama ndugu mgonjwa upande wa Msumbiji. Maji yalikuwa yamekupwa, na mtumbwi ulikuwa mbali na ukingo, hata ikatupasa kuingia matopeni na kutembea ndani ya maji mpaka kifuani. Wanaume wote walivua mashati wakayaweka kichwani pamoja na mizigo. Rafiki yangu alinipa kofia yake nimshikie. Akashika kifungo cha kwanza cha shati, akakifungua. Akashika cha pili, akasimama kidogo akitazama mto. Kisha akakifunga tena, akaingia majini na shati lake. Tulipofika mtumbwini lilikuwa limemgandama mwilini, na kanga chini yake ilionekana wazi, yenye maua mekundu. Nahodha alitazama, akamsogezea mahali pa kukaa, akamwuliza bei ya samaki.

Nami nikampa kofia yake.